Miti Iliyoota Yenyewe

Ijumaa hiyo Joram alirudi kutoka kazini Watamu saa tisa na nusu, mapema kuliko desturi yake. Alikuwa anaikokota baiskeli badala ya kuipanda, kwa sababu kwenye usukani alikuwa amening'iniza ndoo ya chokaa na hakutaka imwagike. Nyaboke alikuwa amepiga magoti chini ya mkunazi, anamimina maji aliyooshea vyombo ndani ya mtungi uliozikwa kando ya shina. Aliiona ndoo kabla ya kumwona mume.

"Hiyo ya nini, baba Monicah?"

"Ya kupendezesha. Meneja anakuja Jumapili."

"Anakuja wapi?"

"Hapa. Kwetu. Kuona miti yetu."

Nyaboke aliweka sufuria chini. Miaka minne tangu wahamie Gede kutoka Kisii, mgeni wa maana aliyewahi kuingia uwanja ule alikuwa mzee wa kanisa, na yeye alikuja kuuliza habari za zaka. Sasa meneja wa hoteli, Mzungu mwenyewe, anakuja kuona vitu alivyovilea yeye kwa maji machafu ya masufuria. Alitabasamu bila kutaka. Tabasamu hilo alikuja kulijutia siku nyingi.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Masika yalipita bila mvua ya kulowesha hata mgongo wa kuku. Watu walikuwa wanakula mahindi ya njano ya msaada na kuyalaani huku wanayatafuna. Viwanjani mwa majirani mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na kwa Nyaboke peke yake palikuwa na kijani. Si kwamba alikuwa na bahati. Alipofika Pwani alipanda sukuma na kabichi kama walivyopanda kwao, zikafa. Akapanda tena, zikafa tena. Mara ya tatu aliacha ubishi, akaanza kuangalia ni nini kinachobaki hai kando ya njia ya msituni bila kubembelezwa na mtu. Ikawa kila akienda kutafuta kuni anarudi na mche mmoja ndani ya kanga: leo mkone, kesho mkunazi, siku nyingine mkwaju wa urefu wa kidole. Mitungi iliyopasuka, ambayo wenzake waliitupa jaani, aliiokota akaizika kando ya miche ili maji yavuje polepole kwenye mizizi. Mbele ya mlango alijaza mishubiri.

Kisha wakaja wageni wengine. Chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, walifuata maua ya mishubiri. Tetere, njiwa wadogo wa mwitu, walishuka kula kunazi. Na asubuhi moja, chini ya majani makavu ambayo Nyaboke aliacha kuyafagia makusudi ili ardhi isiungue, alimwona sange, mnyama mdogo wa msituni kama panya mkubwa, mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, anachakura kama mwenye nyumba. Hakumwambia mtu. Mwaka ule kila chenye nyama kilikuwa kinatafutwa.

Majirani walimsema. Uwanja wa mwanamke mwenye heshima hufagiliwa ukabaki mweupe, hata nyoka akipita aonekane. "Mama Monicah afuga nyoka," walisema bombani, na walisema kwa sauti ili asikie.

Lakini nyoka hawakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ardhi. Nyumba ilikuwa yao, ya fito na udongo na makuti. Ardhi iliyo chini ya nyumba ilikuwa ya Mzee Mbaruk, ambaye babu zake walitoka visiwa vya kaskazini, na kila mwaka Joram alimpelekea ijara, kodi ya kiwanja. Mpangaji wa ardhi huko Pwani ana ruhusa ya kupanda mahindi, kunde na mihogo, vitu vya kuliwa vikaisha. Mti hapandi. Mti hukaa, na aliyeupanda husikilizwa barazani. Leo anadai mti, kesho anadai kiwanja. Hayo Nyaboke aliambiwa na jirani yake Harusi, mpangaji wa Mbaruk huyo huyo, aliyezaliwa hapo hapo Gede.

"Miti ya mwitu haina neno," Harusi alimwambia mwaka ule wa kwanza. "Imeota porini, itasemwa imeota na hapa. Lakini panda ovyo ovyo, mama Monicah. Mmoja huku, mmoja kule. Usiweke mstari, usiweke boma, usiweke alama. Ukionekana mkono wa mtu, utaulizwa."

Nyaboke alimsikiliza, na kwa miaka minne bustani yake ilionekana kama kichaka kilichojisahau. Joram naye aliambiwa. Ila Joram alikuwa mtunza bustani wa hoteli, na kazini kwake kitu kilichotunzwa kilikuwa kitu kilichozungushiwa mawe meupe. Asiyekiwekea mawe meupe alifukuzwa kazi.

"Harusi alisema tusiweke alama," Nyaboke alimkumbusha.

"Harusi anajua nini? Meneja akija aone kichaka, atasema nilimdanganya. Nyapara wa bustani ameacha kazi. Unajua wanaotaka kile cheo ni wangapi?"

"Mzee Mbaruk je?"

"Mzee Mbaruk hajafika hapa tangu mwaka jana. Jumatatu tutaosha."

Hapo ndipo Nyaboke angeweza kukataa. Hakukataa. Kusema kweli, naye alitaka ionekane. Alikuwa amechoka kuitwa mfuga nyoka. Jua lilikuwa linakwenda na Sabato ilikuwa inaingia, kwa hiyo walifanya haraka, mume na mke na Monicah mwenye miaka minane, wakikusanya vipande vya matumbawe na kuvipanga duara kila shina, kisha Joram akapaka mawe, akapaka na mashina mpaka kimo cha kiuno. Walipomaliza miti ilisimama imevaa soksi nyeupe, kumi na saba kwa hesabu, wala hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kusema kuwa imejiotea.

Harusi alichungulia juu ya ua akashika mdomo.

"Yallah! Heri mngeandika jina lenu kwa wino."

*

Meneja alikuja Jumapili saa nne na gari la hoteli, akiwa na wageni wawili wazee, mtu na mkewe, wenye darubini shingoni. Joram alikuwa amevaa sare ya kazi ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Nusu ya Gede ilikuwa imesimama uani, inachungulia.

Nyaboke alitoa vigoda vyote viwili na kiti cha Harusi alichoazima. Hakuna aliyekaa. Alileta chai ya maziwa, ambayo kwa mwaka ule ilikuwa jambo zito. Mama wa Kizungu aliangalia ndani ya kikombe, akatabasamu, akakirudisha kwenye sinia kikiwa kimejaa. Nyaboke alijikaza kisabuni.

"Wewe nani panda hii?" meneja aliuliza kwa Kiswahili chake.

"Mimi, bwana," Joram alijibu. "Yote. Miaka minne."

Hakugeuka kumtazama mkewe. Baada ya muda, labda kwa kuona macho ya watu uani, aliongeza, "Mke wangu alinisaidia kumwagia maji."

Nyaboke aliliinua sinia la chai. Alijiambia kuwa cheo cha nyapara kikija kitakuwa cha nyumba nzima, na kwamba mwanamume lazima azungumze hivyo mbele ya tajiri wake. Alijiambia mengi.

Chozi watatu walikuja kwenye mishubiri, nao wageni wakashikwa na furaha ya kitoto. Yule mzee alipiga magoti vumbini na kamera yake. Akasema neno kwa meneja, meneja akasema neno kwa Joram, na Joram akamgeukia mkewe.

"Mama Monicah, sogea kule nyuma. Unafukuza ndege."

Watu uani walicheka. Nyaboke alikwenda nyuma ya nyumba akakaa jikoni na sinia la chai iliyopoa, akawasikia wakizunguka bustani yake. Joram alieleza na meneja akaitika. Nyasi za hoteli zinakufa, alisema meneja. Kisima kimeingia chumvi. Anataka hoteli nzima iwe hivi, miti ya hapa hapa, isiyotaka maji, yenye ndege. Na anataka mtu anayeijua.

Walipoondoka Joram aliingia jikoni akiwa na uso uliong'aa.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Nyaboke alisema.

*

Mambo yakishaonwa na Gede husikika Malindi kesho yake. Jumatatu Joram alirudi kazini usiku na chokaa haikuoshwa. Jumanne baada ya adhuhuri Mzee Mbaruk alifika, peke yake, kwa miguu, na kanzu yake na mwavuli mweusi wa kujikinga jua. Nyaboke alimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Watoto wazima?"

"Wazima. Karibu kiti."

"Nitakaa, inshallah. Kwanza nitembee kidogo."

Alitembea. Kila alipofika penye mti aliugusa kwa ncha ya mwavuli na midomo yake ikatikisika. Alipofika kwenye ule mkwaju, ambao sasa ulimfika kifuani, alisimama kwa muda mrefu. Kisha alirudi akakaa kwenye kigoda chini ya kivuli cha mkunazi, akajipangusa jasho.

"Kumi na saba," alisema.

"Ni miti ya mwitu tu, Mzee. Haina hata bei."

"Bei haina. Sikiza, mwanangu. Kule Dabaso nilikuwa na shamba la marehemu baba yangu. Nilimweka mtu. Mtu mwema, haniamkii ila kwa adabu. Akapanda mikorosho tisa, nikanyamaza kwa kumwonea haya. Alipokufa wanawe walikwenda mahakamani na ile mikorosho. Leo shamba ni lao, na mimi nikipita njia ile nashusha mwavuli nisiwaone." Aliugonga mkunazi kwa mwavuli. "Sina ugomvi na ndege. Wala sina ugomvi nawe. Lakini mti uliopakwa chokaa una mwenyewe, na mwenyewe si mimi."

"Mume wangu alitaka kumpendezesha tajiri wake. Ni hilo tu."

"Ndivyo mlivyomwambia tajiri? Maana mimi nimesikia mumeo alimwambia Mzungu, mbele ya watu, kuwa amepanda yeye. Miaka minne, alisema. Hata hesabu aliitaja."

Mzee aliinuka, akakunja mwavuli halafu akaukunjua tena, kama mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi.

"Alhamisi tuonane kwa naibu chifu. Mkiwa mmepanda, mseme, nami nitawapa siku thelathini mhame kwa wema. Mkiwa hamkupanda, mseme hivyo hivyo, na mseme kwa kiapo. Karatasi sizitaki. Karatasi nimeshaziona za kutosha."

*

Jumatano Joram aliomba ruhusa kazini. Walifukua mitungi yote kumi na saba wakaitupa jaani. Walitawanya mawe. Halafu Nyaboke alichukua kumbi la nazi na maji ya kunywa, maana mengine hayakuwapo, akaanza kusugua mashina. Chokaa juu juu ilitoka, lakini ile iliyoingia kwenye nyufa za magome ilikataa kata kata. Alisugua mpaka vidole vikatoa damu. Ilikuwa kazi ya aibu, kuosha miti huku watu wanapita na ndoo za maji kichwani, na wengine wanasimama kumuuliza kama miti ina surua.

"Utasema imeota yenyewe," Joram alimwambia akiwa ameinamia shina lake.

"Mimi?"

"Naibu chifu atauliza anayeshinda nyumbani. Mimi nilishasema kitu kingine mbele ya meneja. Nikisema hivi tena nitaonekana mwongo."

"Kwa hiyo mwongo niwe mimi."

"Wewe ulitaka tuhame?"

"Kwa kiapo, baba Monicah. Mimi ni shemasi kanisani."

Joram aliacha kusugua. "Haya, tuseme tumepanda. Siku thelathini. Twende wapi? Kisii? Ndugu zangu wamegawana mpaka mahali pa kaburi langu. Twende tukapange chumba Malindi, tulipe kila mwezi, kwa mshahara gani? Nyumba hii tumeikandika kwa mikono. Niambie, tuibebe kichwani?"

Jambo lililomuuma Nyaboke zaidi ni kwamba Joram alisema kweli. Alikwenda uani kwa Harusi, akitumaini kusikia neno jingine.

"Sema imeota," Harusi alisema, bila kuinua macho kwenye kunde alizokuwa anachambua. "Kwani itakuwaje? Mungu ajua nani aliyechota maji. Mzee Mbaruk hahitaji kujua."

"Nitakuwa nimeapa uongo."

"Na mimi nitakuwa na jirani. Nakuomba, mama Monicah. Akiwafukuza nyinyi, ataanza kukagua na kwangu."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya kugawa mahindi ya msaada, kwa hiyo ofisi ya naibu chifu ilizungukwa na foleni ya watu wenye magunia matupu. Naibu chifu, Bwana Dena, alikuwa mtu wa haraka mwenye mambo mengi. Aliweka meza nje, kwenye baraza, ili aangalie foleni na kesi kwa pamoja, na hivyo foleni nzima ikapata cha kutazama.

Mzee Mbaruk alieleza kwa ufupi na kwa adabu. Joram aliulizwa kuhusu maneno aliyomwambia meneja.

"Yalikuwa maneno ya kazini, bwana. Ya kutafuta cheo."

"Kwa hiyo ulimdanganya Mzungu."

"Nilitia chumvi."

Watu walicheka. Bwana Dena hakucheka. Alimwita Nyaboke mbele.

"Wewe ndiwe unashinda pale. Hiyo miti, nani kaipanda?"

Joram alikuwa ameishika Biblia ya mkewe, ile aliyopewa siku ya ubatizo, na yeye ndiye aliyemtilia mkononi. Nyaboke aliiweka kifuani. Aliukumbuka mche wa mkwaju ndani ya kanga, mwepesi kama si kitu. Alikumbuka jinsi alivyooga kwa nusu ndoo akisimama ndani ya beseni ili maji yale yale yaende kwenye mkone. Miaka minne hakuna mtu aliyemuuliza swali hilo, na alikuwa na jibu lake, alikuwa nalo limejaa kinywani.

"Sikuipanda," alisema. "Naapa kwa Mungu. Iliota yenyewe."

"Yote kumi na saba?"

"Yote."

"Ukawa waimwagia maji?"

"Nilikuwa namwaga maji machafu. Popote."

"Na mawe meupe?" Bwana Dena alikuna kidevu. "Nayo yaliota?"

Foleni ililipuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja mwenye gunia alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Nyaboke alisimama pale amekumbatia Biblia, masikio yanamwaka moto, na akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa upole kwamba mawe ni mchezo wa mume wangu, bwana, anapenda vitu vyeupe.

Naibu chifu alimtazama Mzee Mbaruk. "Ameapa. Umeridhika?"

"Nimeridhika." Na uso wa mzee ulilegea kweli, hata alionekana mdogo kwa miaka. "Mwanangu, umenitua mzigo. Kaeni. Nyumba yenu ni yenu na ijara ni ile ile."

"Asante, Mzee," alisema Joram, na pumzi aliyoishusha ilisikika.

"Basi limebaki moja dogo," Mzee Mbaruk aliendelea. "Kama hakuna aliyepanda, basi ule ni msitu. Na mimi sikukodisha msitu, nilikodisha kiwanja. Naomba ufyekwe, ubaki uwanja kama wa watu wengine. Leo nimeridhika mimi, lakini mimi ni mzee. Nikifa, wanangu wasije wakaikuta miti wakaanza tena mashaka. Bwana Dena, ni haki au si haki?"

Bwana Dena alishafungua daftari la mahindi. "Ni haki. Kichaka si mali ya mtu. Mpaka Jumapili jioni kiwe kimefyekwa. Anayefuata!"

Nyaboke alifungua mdomo. Hapo hapo akaona kwamba hakuna neno ambalo angeweza kulisema. Kuitetea miti ilikuwa kusema ni yake, na mbele ya foleni nzima ya Gede ameapa si yake. Alifumba mdomo, wakarudi nyumbani, Joram mbele na baiskeli, yeye nyuma.

*

Joram alisema atafyeka yeye Jumapili, lakini Ijumaa asubuhi meneja alituma neno kwamba Jumapili pia afike kazini. Nyaboke alichukua panga mwenyewe. Hakutaka kungoja, na Jumamosi ilikuwa Sabato.

Alianza na mishubiri kwa kuwa ilikuwa laini. Kisha mikone. Mikone haina shida, ni matawi membamba, inakatika. Mikunazi ilipigana, miiba ilimchana mikono na shingo, na kila tawi lililoanguka lilimwaga kunazi mbichi chini. Chozi waliendelea kuja, wakitafuta maua palipokuwa na maua, wakipiga kelele juu ya kichwa chake. Aliwarushia donge la udongo. Halafu akakaa chini akalia, kwa sauti, bila kujificha, kwa sababu ndege ndio peke yao waliokuwa hawamcheki.

Alipoondoa lile tandiko la majani makavu, sange alitoka mbio kuelekea njiani. Vijana waliokuwa wanapita walimwona. Nyaboke alisikia mawe mawili yakirushwa, kisha jingine, kisha vijana wakashangilia. Hakwenda kuangalia.

Harusi alikuja mchana na panga lake. Hakusema pole. Alifyeka upande wa pili kimya kimya mpaka wakakutana penye mkwaju, akaukata yeye kwa mapigo matatu, kwa kuwa alimwona mwenzake amesimama tu. Kisha akaangalia lundo.

"Hizi kuni, mama Monicah, utazitaka zote?"

"Chukua."

"Si zote. Mafungu mawili yanitosha."

"Chukua zote, Harusi."

Jumapili jioni Mzee Mbaruk alipita na mwavuli wake. Nyaboke alikuwa ameng'oa visiki, amefukia mashimo, na uwanja ulikuwa mweupe kutoka mlangoni hadi njiani.

"Mashallah," mzee alisema, na alisema kwa moyo safi. "Sasa panaonekana pana watu."

*

Joram alipata unyapara mwezi wa tisa. Mvua za vuli zilikuwa bado, na meneja hakutaka kuzingoja. Wageni wa Krismasi wangekuta vumbi. Watu wa hoteli walitumwa msituni na gari, wakarudi na miche mia moja na ishirini: mikone, mikunazi, mishubiri, mikwaju. Joram aliipanga mistari mizuri. Aliizungushia mawe meupe.

Jioni moja alirudi mapema, akaegemeza baiskeli ukutani, akatoa mfukoni kijitabu na kalamu ya risasi. Nyaboke alikuwa anafagia.

"Mama Monicah. Ile mitungi ulikuwa unaizika kimo gani?"

"Mitungi gani?"

"Usinifanyie hivyo. Miche themanini imekauka. Nimeimwagia maji asubuhi na jioni, inakufa tu. Ulikuwa unaing'oa mwezi gani? Unakata mizizi au hukati? Niambie pole pole niandike."

Nyaboke alifagia alama ya gurudumu la baiskeli.

"Meneja amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa hanirudishi kazi ya zamani, ananitoa kabisa. Unasikia? Hata ijara hatutakuwa nayo. Wewe ndiwe unayejua. Mimi nilikuwa nashinda kazini, sikuona unavyofanya."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja miaka minne, na yalimfikia wakati ambao hayakuwa na pa kukaa. Alijua jibu la kila swali. Alijua kwamba mche wa mkwaju huchimbuliwa baada ya mvua ya kwanza na si kabla, kwamba mtungi huzikwa mpaka shingoni, kwamba maji mengi ndiyo yanayoua. Alijua pia kwamba mshahara wa Joram ndio uliokuwa unamlisha Monicah. Alisimama na ufagio wake akiyajua yote mawili.

"Mimi sikupanda kitu, baba Monicah," alisema. "Niliapa kwa Biblia, na wewe ndiye uliyenitilia mkononi. Aliyepanda ni wewe. Meneja ni shahidi wako, na Gede nzima."

Akainama akaendelea kufagia uwanja ambao ulikwisha kuwa safi. Joram alibaki amesimama juani na kalamu yake, maana hapakuwa na pengine pa kusimama.